Kuingia uuguzi ukiwa mtu mzima uliyepita kazi nyingi: hatua kwa hatua

Wanaonifuata siku hizi kuniuliza habari za uuguzi si watoto waliomaliza kidato cha nne juzi. Ni dada mwenye miaka thelathini na kitu aliyeuza mitumba, akawa wakala wa fedha za simu, akakaa mapokezi ya gesti, akafuga kuku wakafa. Ni kaka aliyeanzia ukonda akaishia bodaboda. Wote huanza na swali moja: nitajuaje kama nina wito?

Mimi mwenyewe nilifika chuoni nikiwa nimeshazunguka kazi kadhaa, na huwa nawaambia waliweke swali hilo pembeni kwanza. Wauguzi wazuri ninaowafahamu, wengi wao wito uliwakuta kazini. Cha kuchunguza mapema ni kidogo kuliko wito na kinapimika: je, unaweza kazi ndogondogo zinazojirudia kila siku, usiku ukiwemo, kwenye mwili wa mtu usiyemjua, na mtu huyo pengine hana hata nguvu ya kukushukuru? Kama unaweza, mengine yote ni taratibu. Taratibu ninazozieleza hapa ni za Tanzania Bara. Zanzibar wana baraza lao na utaratibu wao.

Hatua ya 1: Rudi kwenye kazi zako za zamani na daftari

Andika kila kazi uliyowahi kufanya, hata ile iliyodumu miezi miwili. Usihangaike na mshahara wala sababu ya kuacha. Andika kipande cha kazi ambacho hukukichoka.

Konda mzuri anajua nani kashalipa, nani anadai chenji na nani anashuka kituo kinachofuata, huku watu watano wanamsemesha kwa mpigo. Anayeweza hayo hatababaika kwenye wodi yenye wagonjwa thelathini na wauguzi wawili. Mama lishe ameshazoea kusimama tangu alfajiri, na mkono wake unakwenda kwenye maji na sabuni bila kukumbushwa. Msusi anajua kumshika mtu kichwani huku anampigisha stori mpaka anatulia, na hilo kuna watu wanahitimu chuo bila kulijua. Wakala wa fedha anahesabu mara mbili na kuandika kabla ya kuachia pesa, hata mteja afoke vipi. Tabia hiyo inatakiwa wodini: dawa kali za maumivu kama mofini na pethidini hukaa kwenye kabati lenye kufuli, zina daftari lake, na wanaopokezana zamu huzihesabu pamoja moja moja.

Sasa angalia upande wa pili. Kama kilichokuwa kinakupa raha kila mahali ni kupanga bei, kuona faida ya siku na kutoamrishwa na mtu, nakushauri usije. Hospitalini kuna ngazi. Kuna inchaji wa wodi, kuna matroni, kuna daktari, kuna maagizo ya maandishi. Utaambiwa ufanye, utafanya, na utasaini jina lako. Wanaoteseka zaidi katika kada hii si waoga wa damu. Damu unaizoea ndani ya wiki chache. Wanaoteseka ni wasiovumilia kuelekezwa na mtu aliye mdogo kwao kwa umri.

Hatua ya 2: Kauguze kabla hujalipa ada

Hapa ndipo ningependa utumie muda zaidi kuliko popote, kwa sababu jaribio hili ni la bure na watu wengi wanalipita mbio.

Katika hospitali zetu ndugu ndiye anayeogesha, anayelisha na anayefua. Kwa hiyo nafasi ya kujaribu iko karibu. Akilazwa shangazi au jirani, jitolee kukaa naye. Usikae mchana tu wakati wageni wamejaa na maua ya plastiki yako mezani. Kakae asubuhi ya usafi na, wodi ikiruhusu, usiku. Mwoshe. Mbadilishie nguo akijichafua. Mlishe uji kijiko kwa kijiko mtu asiyetaka kula, bila kumgombeza.

Akiwa ni mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza, mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kumgeuza. Hugeuzwa kila baada ya saa mbili: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Kila mara unaangalia sehemu zinazobeba uzito, yaani mfupa wa mkia, nyonga na visigino. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo unagusa kwa mgongo wa kiganja ukitafuta joto au ugumu usiokuwepo asubuhi. Hapo ndipo kidonda cha kulalia kinapoanzia, na kikishachimbika kinaweza kuchukua miezi kupona. Fanya hivyo siku kadhaa mfululizo kisha ujipime. Ukijikuta unaangalia saa ili usipitishe zamu ya kumgeuza, njoo chuoni. Ukijikuta unatafuta sababu ya kutoka nje kila harufu inapobadilika, si dhambi, ila sasa unajua, na hujapoteza hata shilingi.

Kama nyumbani hakuna mgonjwa (na usimwombee mtu augue), nenda zahanati ya mtaa wako, jitambulishe kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, na uombe kusaidia kliniki ya watoto: kupanga foleni, kushika kadi, kumtuliza mtoto anayepimwa uzito. Jambo moja usilikubali hata ukiombwa na mwenye kituo: kuchoma sindano kabla hujasomea. Kuna maduka ya dawa na vituo vidogo vinavyowazoesha wasaidizi kazi hiyo. Mgonjwa akipata madhara, utakayesimama mbele ya polisi ni wewe.

Hatua ya 3: Toa cheti cha kidato cha nne kwenye begi

Ndoto nyingi husimama hapa, kwa hiyo usikiangalie mwisho. Stashahada ya uuguzi na ukunga inataka ufaulu wa angalau D nne za kidato cha nne, masomo ya dini hayahesabiwi, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vinakuongezea nguvu. Baraza la Mitihani (NECTA) huhesabu D kuanzia alama 30, kwa hiyo hatuzungumzii kuwa bingwa wa darasa.

Ulisoma masomo ya sanaa? Unaweza kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa masomo unayoyakosa tu. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na ukichelewa kuna faini, mtihani ni Novemba, matokeo hutoka Januari. Ambaye hakusoma sekondari kabisa huanza na QT, yaani mtihani wa maarifa, akifaulu ndipo anafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka unaofuata.

Ushauri wangu kwa anayerisiti sayansi akiwa na kazi na watoto: tafuta kituo cha tuisheni chenye maabara inayofanya kazi kweli. Nenda siku ya mazoezi uangalie kama kuna bureti, kemikali na maji ya bomba, maana kuna vituo vina ubao wa "Maabara" mlangoni na ndani kuna viti vilivyovunjika. Anza na Biolojia, kwa sababu ndiyo inayorudi haraka kwa mtu mzima na inakupa moyo. Kemia inataka mazoezi ya kila siku, hata nusu saa. Ukiwa unalipia ada ya mtihani, fikiria kuongeza Hisabati na Kiingereza kama huna D zake. Leo hazikuzuii stashahada, ila ukija kutaka shahada utazitafuta.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya umri

Matangazo ya ajira za serikali kwa kada za afya huweka ukomo wa miaka 45. Sababu yake ni ya pensheni: kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na mtumishi anahitaji michango ya miaka 15 ili apate pensheni ya kila mwezi.

Chukua mtu wa miaka 36 asiye na Kemia. Mwaka mmoja kurisiti, 37. Mitatu ya stashahada, 40. Mtihani wa leseni, usajili na kusubiri tangazo, tuseme 42. Anawahi. Mwenye 41 leo akifuata njia hiyohiyo atatoka chuoni na 45, na kwake mlango wa serikali karibu umefungwa. Haimaanishi asisome. Hospitali za mashirika ya dini, za binafsi na miradi ya mashirika yasiyo ya kiserikali huajiri watu wazima, na mara nyingi huwapenda kwa sababu hawahami hovyo. Ila aingie akijua.

Hatua ya 5: Chagua chuo, na ukikague

Chuo chochote cha stashahada ya uuguzi lazima kiwe kimesajiliwa na NACTVET, yaani baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na namba yake ya usajili ipo kwenye orodha ya baraza hilo mtandaoni. Mhitimu naye lazima asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Mahali pengine mjini utakuta bango la "kozi ya unesi miezi sita, ajira uhakika". Kozi hiyo haikupi leseni ya uuguzi hata usome kwa bidii gani. Muulize anayekuandikisha swali moja: nikimaliza nitafanya mtihani wa Baraza? Akianza kuzunguka, ondoka na hela yako.

Njia ya kawaida ni miaka mitatu: NTA (ngazi za taifa za tuzo za ufundi) ya 4, ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Maombi ya vyuo vya afya hufanyika kwa mfumo wa pamoja wa NACTVET, na sifa za kila kozi zimo kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotolewa kila mwaka. Soma cha mwaka wako, usisomewe na mtu kutoka cha mwaka juzi. Shahada ni miaka minne, kisha mwaka wa mafunzo tarajali hospitalini, na inatolewa Muhimbili, KCMC, Bugando, Dodoma na kwingineko. Wengi wa umri wetu huanza na stashahada, wakafanya kazi, ndipo wakajiendeleza.

Katika kuchagua kati ya chuo na chuo, usivutwe na majengo. Uliza wanafunzi wanakwenda hospitali gani kwa mafunzo kwa vitendo na wako wangapi kwa kila wodi. Wanafunzi ishirini wakimzunguka mgonjwa mmoja, mmoja anajifunza na kumi na tisa wanatazama migongo ya wenzao.

Hatua ya 6: Fedha

Vyuo vya serikali ada yake ni nafuu, nafasi zake ni za kugombania. Vya binafsi vinapishana sana, kwa hiyo omba karatasi ya malipo yote, si ada peke yake: hosteli, mitihani, bima ya afya, sare, viatu vyeupe au vyeusi visivyopiga kelele, nauli na kodi ya chumba wakati wa fildi. Utahitaji pia saa yenye mshale wa sekunde. Simu haifai, kwa sababu huwezi kuishika kwa mkono uliotoka kwenye kidonda.

Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Kwa mtu aliyemaliza shule zamani, kipengele cha kusoma kwanza kwenye mwongozo wa mkopo ni kile cha mwaka wa kuhitimu. Kinaweza kukutoa kabla hujajaza fomu. Usijenge mpango wako wote juu ya bumu, yaani hela ya mkopo.

Kibanda chako usikiuze. Nimeona watu wanauza kila kitu ili walipe ada ya mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wanarudi nyumbani. Mwachie ndugu unayemwamini kwa makubaliano ya maandishi, au punguza biashara ibaki ile inayoweza kufanyika jioni na wikiendi. Wasusi ndio wenye bahati hapa, hosteli nzima inakuwa wateja wao.

Hatua ya 7: Chuoni, ukiwa na umri wa mwalimu

Wenzako watakuita mama au mzee. Kubali, halafu kaa mbele. Kinachowapa watu wazima sapu (mtihani wa marudio) mwaka wa kwanza ni anatomia, kwa sababu ya majina. Kumbukumbu ya haraka ya mtoto wa miaka 19 hatunayo. Dawa yake ni kuchora. Chora moyo kila siku wiki nzima, na uandike majina bila kufungua kitabu.

Kwenye hesabu za dawa tunawapita. Daktari ameandika lita moja ya dripu kwa saa nane, na mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita moja. Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Gawanya, unapata kama 42 kwa dakika. Unasimama na ile saa yako, unahesabu kwa sekunde 15: yakiwa kumi au kumi na moja, umepatia. Aliyezoea kutoa chenji kwenye foleni hesabu hii haimtishi, wakati mtoto aliyetoka shule anatafuta kikokotoo.

Wodini andika palepale. Kwa wanaokuja baada yako, huduma isiyoandikwa haikufanyika, na mgonjwa anaweza kupewa dozi mara mbili kwa ajili ya hilo. Sikiliza sana wakati wa kukabidhiana zamu. Wauguzi wazoefu husema mambo ya maana kwa sauti ya chini mwishoni: "kitanda cha sita tangu saa nane anapumua haraka, mwangalie".

Na ujilinde. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, kwa kawaida ya pili mwezi mmoja baada ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita, kwa hiyo ianze kabla hujaingia wodini. Usirudishie kifuniko cha sindano iliyotumika; itie kwenye sefti boksi, lile boksi la vyenye ncha kali, hapohapo ulipo. Ukijichoma, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, toa taarifa mara moja, na dawa kinga ya VVU ianze mapema iwezekanavyo, isipite saa 72. Wanafunzi wanaficha kwa kuogopa kusemwa. Bora kusemwa.

Hatua ya 8: Leseni na kazi ya kwanza

Ukimaliza kuna mtihani wa Baraza, usajili, kisha leseni ambayo huhuishwa kwa muda wake na inadai uthibitisho wa kujiendeleza kitaaluma. Bila leseni hai hugusi mgonjwa.

Ajira sasa. Duniani wauguzi hawatoshi: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilihesabu upungufu wa milioni 5.9. Lakini upungufu wa wauguzi na nafasi za kulipa wauguzi ni mambo mawili, na Tanzania ina wahitimu walioko mtaani wakisubiri. Omba serikalini kila tangazo linapotoka, huku unaomba hospitali za misheni wilayani, ambako watu wa mjini hawataki kwenda. Kazi ya kwanza kijijini ina faida ambayo haiandikwi kwenye tangazo. Zahanati yenye watumishi wawili au watatu itakufundisha ndani ya mwaka mmoja kuzalisha, kuchanja, kufunga vidonda, kutunza stoo ya dawa na kuamua saa tisa za usiku kama mama huyu anasubiri au anaita gari la wagonjwa. Mjini ungekaa mwaka huo unapima presha. Ukijitolea bila mshahara, omba barua ya makubaliano na uweke ukomo.

Hatua ya 9: Ukianza kuchoka tena

Utachoka. Mtu aliyebadili kazi mara nyingi ana mwasho wake, na leseni haiuondoi. Ila hapa unaweza kubadili kazi bila kubadili taaluma. Leba ni dunia moja: sindano ya oksitosini ya kuzuia mama asitoke damu nyingi, uniti 10 ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, kelele, damu, furaha, na mara nyingine msiba. Chumba cha upasuaji ni kimya na kuhesabu vifaa. Afya ya akili ni maongezi na subira. Kitengo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo ni mashine na sura zilezile mara mbili au tatu kwa wiki, mpaka unajua majina ya wajukuu wao. Kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, chanjo za vijijini, wodi ya watoto njiti, kufundisha chuoni: zote zinaanza na leseni ileile. Kaa mahali angalau mwaka kabla hujaomba uhamisho, maana miezi mitatu ya kwanza kila wodi ni mbaya.

Anayetaka shahada atatumia stashahada yake, na vyuo vikuu kwa kawaida huangalia wastani wa B au GPA ya 3.0, pamoja na zile D za kidato cha nne nilizozitaja. Anayetaka Oman, Saudia au Uingereza ataombwa leseni, uzoefu wa kazi, uhakiki wa vyeti kutoka vilikotolewa na mtihani wa huko. Kwa vyovyote, kila unapohama kituo ondoka na barua ya uzoefu yenye tarehe za kuanza na kumaliza, cheo, wodi ulizofanya kazi, sahihi na mhuri. Kuifuatilia barua hiyo miaka mitano baadaye, mfawidhi ameshahamishwa na faili liko stoo, ni kazi ya kuongeza kwenye lile daftari.